Koodineti za daftari la mzee: simu inasema kiwanja cha Kibaha kiko Tabora

#1 Kobe wa Igoma
Wakuu habari za jioni. Marehemu mzee alituachia kiwanja Kibaha, kilipimwa miaka ya tisini. Ramani ya upimaji tumeitafuta kila sanduku hatuioni. Bahati nzuri mzee alikuwa mtu wa daftari. Ukurasa mmoja una bei ya mabati, deni la mtu wa kokoto, na chini kabisa koodineti za bikoni zote nne (vyuma vya kona za kiwanja) kwa kalamu ya wino, E (mashariki) na N (kaskazini). Daftari liko kwa dada yangu Dar, mimi niko Mwanza. Dada kanisomea kwa simu, nikaandika kwenye karatasi, kisha nikaingiza kwenye programu moja ya ramani.

Simu ikanipeleka porini, kusini ya Tabora. Hakuna hata njia ya baiskeli.

Jumamosi ya wiki ijayo nasafiri kwenda kukiona. Sijafika tangu 2009 na sitaki kufika nianze kuuliza watu "samahani, kiwanja chetu ni kipi?" Nakosea wapi?

(Nimehariri: tarakimu za mbele nimezificha baada ya ushauri wa #3.)

#2 Saveya Mstaafu
E yako inaanza na laki nne na tisini na kitu, sivyo? Basi hujakosea namba. Simu yako imekaa Mwanza, na programu imejichagulia zoni ya Mwanza.

Nchi yetu imelaliwa na zoni tatu za UTM, ule mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita. Ya 35 inagusa ukanda mwembamba wa magharibi, Kigoma mjini imo. Ya 36 ni kati ya nyuzi 30 na 36 mashariki, humo mna Mwanza, Mbeya, hata Dodoma. Ya 37 inaanzia nyuzi 36 hadi baharini. Kila zoni ina mstari wake wa kati unaopewa E 500,000, kwa hiyo namba ileile ipo kwenye zoni zote tatu. Mzee hakuandika zoni kwa sababu aliyesimama Kibaha haoni kwa nini aiandike. Badilisha iwe 37 Kusini. Utaruka kilomita 660 na ushee kwenda mashariki na utakuwa nyumbani.

#3 Mama Chapati
Kabla hamjaendelea na mahesabu, wewe mtoto futa hizo namba! Kiwanja hakina mtu, ramani imepotea, mwenyewe yuko Mwanza, na koodineti zote umezitundika hapa. Unawapikia matapeli na kuwapakulia.

#4 Kijana wa Nanyuki
Huyo wa #2 amesema kweli lakini angalieni pia hiyo herufi ya Kusini. Kwetu ikweta inapita mlangoni. Ukiwa kusini N inasoma milioni tisa laki tisa tisini na kitu, ukivuka hatua chache na programu ibadilike kuwa Kaskazini, inasoma mamia tu. Binamu yangu alidhani simu imeharibika akaipeleka kwa fundi. Fundi naye akaifungua!

#5 Kobe wa Igoma
Asante Saveya, shikamoo. Nimeweka 37 Kusini na kweli niko Kibaha. Mama Chapati nimefuta, asante.

Ila sasa kuna jingine. Pini zimeangukia ng'ambo ya bonde, upande wa kaskazini. Kiwanja chetu nakikumbuka vizuri, kina mwembe mkubwa pembeni na kuna mteremko kuelekea kwenye mkondo wa maji. Mwembe nauona kwenye picha ya setilaiti, bado upo. Kutoka kwenye pini hadi mwembe ni mita mia tatu na kidogo. Pini zenyewe ziko ndani ya ua wa mtu, juu ya banda la kuku.

#6 Fundi Bomba
Hongera kwa kuku.

#7 Mkaa Jikoni
Hiyo ni simu tu. GPS ya simu ya elfu themanini haiwezi kufanana na mashine ya saveya. Usiiamini.

#8 Nusu Digrii
#7 si kweli, na kwa mawili. Kwanza jamaa yuko Mwanza, GPS ya simu haijahusika popote. Kaandika namba, programu ikachora, basi. Hata angekuwa na simu ya milioni tatu pini ingekaa palepale. Pili, hata akifika eneo lenyewe, simu kwenye uwazi inakosea kama mita tano. Chini ya mwembe au kando ya ukuta mrefu inazidi. Mita mia tatu ni habari nyingine.

Mimi nasema ni datamu. Ramani za miaka ya tisini zilipimwa kwenye Arc 1960. Simu inatumia WGS84.

#9 Mkaa Jikoni
Datamu ndiyo mdudu gani?

#10 Mwalimu wa Zamu
Mkaa, dunia si duara kamili kama chungwa, imebonyea kidogo juu na chini. Ili mtu apime lazima kwanza achague umbo la dunia analotumia na mahali pa kulishikiza. Arc 1960 inatumia umbo lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880, na jina lake limetokana na ule mstari mrefu wa vipimo uliofuata nyuzi 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini kwenda hadi Misri. WGS84 ni umbo jipya la zama za setilaiti, na katikati yake imewekwa karibu na kitovu halisi cha dunia. Vitovu vya hayo maumbo mawili vimeachana mita mia kadhaa. Sasa wewe unachukua namba zilizohesabiwa kutoka kitovu kile unaziweka kwenye kitovu hiki. Ni sawa na kuambiwa "hatua ishirini kutoka mlangoni" bila kuambiwa ni mlango wa mbele au wa uani.

#11 Tajiri wa Mawazo
Mbona rahisi. Tofauti ya Arc 1960 na WGS84 hapa kwetu ni mita 300 kwenye N. Kobe ongeza 300 kwenye kila N, kazi imekwisha.

#12 Kobe wa Igoma
Nimeongeza. Sasa niko juu ya paa la mtu mwingine, mita mia sita kutoka kwenye mwembe. Hata kuku nimewaacha nyuma.

#13 Saveya Mstaafu
Tajiri, namba umepatia, alama umegeuza. Ni KUTOA. Kule kwetu N inapungua unavyokwenda kusini. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kama WGS84, pini inaangukia kama mita 300 kaskazini na karibu mita 95 magharibi ya mahali penyewe. Ndiyo maana kaona bonde upande wa kaskazini. Kwa hiyo kwa Kibaha: N toa 300 hivi, E ongeza 95 hivi. Hapo nimesema "hivi" kwa makusudi. Usijengee ukuta hesabu hii.

Njia safi ni kuiachia programu ifanye. Kwenye QField, au programu yoyote inayokubali msimbo wa EPSG (namba ya kutambulisha mfumo wa koodineti), mwambie namba zako ni 21037, yaani Arc 1960 zoni 37 Kusini. Siyo 32737, hiyo ni WGS84 zoni ileile. Namba hizo mbili zinafanana mpaka zinakera, na nimewaona vijana wenye digrii wakizichanganya.

#14 Nahodha Mstaarabu
Salaam kutoka Tanga. Mimi si wa viwanja, ila hilo la mita mia tatu limenichoma. Sisi majini tunaandika nyuzi na dakika, na dakika ndiyo inabeba desimali. Kwenye daftari langu mwamba mmoja umeandikwa 5°04.250'. Kijana wangu alinunua simu mpya, akahamisha daftari lote usiku mmoja. Hapo akaandika 5°04'25.0", yaani dakika nne na sekunde ishirini na tano. Lakini 0.250 ya dakika ni sekunde 15. Amezidisha sekunde 10, na kila sekunde ni mita kama 31. Tukatia nanga mita mia tatu kusini ya mwamba, juu ya mchanga mtupu. Tumerudi na changu watatu, na mafuta ya mashine tumekopa.

Kwa hiyo bwana Kobe angalia mzee aliandika kwa mtindo gani.

#15 Nusu Digrii
Nahodha pole na changu, lakini namba za Kobe ni mita za UTM, hazina nyuzi wala dakika. Mita mia tatu yako na mita mia tatu yake zimekutana njiani tu.

#16 Nahodha Mstaarabu
Sawa, lakini kisa nimeshakisimulia.

#17 Mwalimu wa Zamu
Kisa cha Nahodha kinafaa kwa wenye karatasi za nyuzi. Mtu akiandikiwa 6°46'30" Kusini, 38°55'12" Mashariki, wengi wanaandika kwenye simu -6.4630, 38.5512. Kosa! Dakika unagawa kwa 60, sekunde kwa 3600: inakuwa -6.775, 38.92. Ile ya kwanza inakutupa zaidi ya kilomita hamsini kutoka Kibaha, katika mapori ya kati ya Bagamoyo na Chalinze.

Halafu ile alama ya kutoa. Ukiisahau, 6.775 inakuwa kaskazini ya ikweta na unajikuta Ethiopia.

#18 Fundi Bomba
Na ukiweka 38.92 mbele na -6.775 nyuma? Nimejaribu sasa hivi. Nipo Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Wakuu kumbe viza ni bure, mnahangaika na mabalozi.

#19 Mama Chapati
Fundi rudi na oliva.

Mimi nina swali dogo. Luku ukikosea tarakimu moja kati ya zile ishirini, mita inakataa hapohapo. Hizi koodineti kwa nini hazikatai?

#20 Saveya Mstaafu
Mama umegonga penyewe. Luku ina ukaguzi wake ndani ya namba. Koodineti haina. Ukikosea inakupokea kwa heshima zote na kukupeleka Ethiopia. Kwa hiyo ukaguzi lazima utoke kwako, kwa umbo la kiwanja: ukubwa, urefu wa pande, pembe. Kobe, barua ya toleo inasema mita za mraba ngapi?

#21 Kobe wa Igoma
Dada anasema 600. Na mzee aliandika pembeni "30 kwa 20".

Nimetumia QField na hiyo 21037. Wakuu, bikoni tatu zimekuja kukaa upande wa mwembe! Nilitaka kulia. Ya nne imeruka peke yake ng'ambo ya barabara. Tarakimu tatu za mwisho nilizoandika:

ya kwanza E 236, N 107
ya pili E 260, N 125
ya tatu E 298, N 141
ya nne E 224, N 123

Iliyokimbia ni ya tatu.

#22 Tajiri wa Mawazo
Nimepiga eneo kwenye Excel. Linatoka 550. Barua inasema 600. Tofauti ya hamsini kwa upimaji wa zamani ni ya kawaida, kiwanja ni hichohicho, labda barabara imekula.

#23 Nusu Digrii
Tajiri leo umeamkia upande gani? Eneo linaweza kukudanganya. Chukua pande. Ya kwanza hadi ya pili: E inaongezeka 24, N inaongezeka 18. 24 mara 24 ni 576, 18 mara 18 ni 324, jumla 900, kipeuo cha pili 30. Safi. Ya nne hadi ya kwanza: 12 na 16, inatoka 20. Safi. Sasa ya pili hadi ya tatu: 38 na 16, inatoka mita 41, wakati ilitakiwa 20. Ya tatu hadi ya nne: 74 na 18, mita 76! Hicho siyo kiwanja, ni mkuki. Eneo lake limesogelea 600 kwa bahati tu.

Badilisha 298 iwe 248. Pande zinakuwa 30, 20, 30, 20, na eneo 600 kamili. Mzee aliandika 4, dada akasoma 9.

#24 Kobe wa Igoma
Dada kanitumia picha ya ukurasa. Ni kweli, 4 ya mzee imefungwa juu, ukiitazama haraka ni 9. Nimeweka 248, umbo limekaa kama sahani ya mkate.

#25 Mkaa Jikoni
Kwa nini usipige picha daftari simu ijisomee yenyewe? Siku hizi ipo.

#26 Bibi Harusi wa Zamani
Nilijaribu na karatasi ya shamba la Mkuranga. Ilisoma nukta kama koma, 1 zenye mkia ikazifanya 7, na sehemu yenye doa la chai ikaweka 0 kwa hiari yake. Kwa maandishi ya mashine inafaa. Kwa mwandiko wa wazee wetu, hapana.

Mimi na mume wangu tunafanya hivi: mmoja anasoma karatasi, mwingine anaandika kwenye simu, kisha MWANDISHI ndiye anamsomea mwenye karatasi. Na hatusomi "laki nne na tisini na moja elfu mia mbili na…", hapo ndipo ulimi unapoteleza. Tunasoma tarakimu mojamoja kwa mafungu ya matatu. Na kwa simu ya sauti, Kobe, chunga NNE na NANE. Mtandao ukikatika katikati huwezi kuzitofautisha. Sisi tunasema "nne ya miguu ya meza" na "nane ya pweza". Watu wanatucheka, lakini shamba tumelipata.

#27 Nahodha Mstaarabu
Pweza umenifurahisha. Naichukua.

#28 Kijana wa Nanyuki
Nyinyi mna bahati karatasi zenu zina koodineti kabisa. Huku kwetu mashamba mengi yako kwenye ramani ya RIM, ambayo inaonyesha tu nani anapakana na nani, mpaka wenyewe ni ua wa miti au mtaro. Na ukipata ramani kongwe za mjini, utakuta ni za mfumo wa zamani wa Cassini, tena kwa FUTI. Mjomba aliingiza futi kama mita. Sitawaambia alifika wapi.

#29 Kobe wa Igoma
Sasa wakuu, bado kidogo. Umbo ni sahihi na mwembe uko karibu, ila kiwanja kizima kimesogea. Ukuta wa jirani unaonekana kwenye picha ya setilaiti, umenyooka vizuri, na ninavyokumbuka tulipakana naye upande ule. Mstari wangu wa bikoni unapita mita 12 NDANI ya ukuta wake. Je, jirani amekula kiwanja chetu?

#30 Fundi Bomba
Amekula. Mwaka 2009 hadi leo, miaka yote hiyo nawe uko Mwanza unakula sato? Mimi ningekula hata mwembe.

#31 Tajiri wa Mawazo
Safari hii naongea taratibu. Dada alisema mzee kwenye mistari ya chini aliandika tarakimu za mwisho tu na kuweka vialama vya "vilevile" kwa zile za mbele? Basi kama ya juu ilikosewa, zote zimebeba kosa, na hesabu ya pande ya #23 haiwezi kuliona, maana zote zimehama pamoja.

#32 Nusu Digrii
Tajiri hapo umesema neno zito, kosa linalojirudia kwenye bikoni zote umbo halilioni. Lakini tarakimu za mbele ni za mamia na maelfu. Zikikosewa unahama mita 100, au kilomita. Mita 12 haiwezi kutoka huko.

Mimi naona ni vigezo vya kugeuza datamu. Hakuna seti moja tu. Ile ya wastani wa Kenya na Tanzania inasogeza kitovu kwa mita -160, -6, -302. Kuna ya Tanzania peke yake, -175, -23, -303. Nimezipiga zote mbili kwa Kibaha, zinaachana kama mita tano. Na hata hizo zenyewe ni za wastani, hazikutengenezwa kwa ajili ya mtaa wako.

#33 Mwalimu wa Zamu
Na picha ya setilaiti je? Mnaichukulia kama msahafu. Picha nayo imebandikwa juu ya ramani na mtu au kompyuta, na huwa inakaa pembeni mita kadhaa. Angalia picha za miaka tofauti za sehemu moja, utaona nyumba ileile inatembea. Jirani anaweza kuwa hana hatia kabisa, ukuta wake umechorwa vibaya tu angani.

#34 Mtaalamu wa Kila Kitu
Acheni kumchanganya. Tanzania sasa inatumia datamu mpya, TAREF11. Aweke hiyo, mita 12 itapotea.

#35 Saveya Mstaafu
TAREF11 ni kweli ipo, na kwa matumizi ya simu huwezi kuitofautisha na WGS84. Lakini ramani ya miaka ya tisini haiwezi kuwa imepimwa kwa TAREF11, 11 yenyewe ni ya 2011. Akiweka hiyo atarudi kwa kuku.

Kobe nisikilize. Vigezo vinaweza kuleta mita tano au zaidi, picha inaweza kuleta nyingine, na jirani anaweza kuleta zilizobaki. Ukiwa umekaa Mwanza huwezi kuvitenganisha. Kinachoamua ni chuma kilichoko ardhini. Bikoni ni nondo iliyosimikwa kwenye zege, na nyingi zina namba juu ya zege. Simu itumie kukufikisha karibu, kisha weka simu mfukoni, shika jembe na futi. Ukipata moja tu ya uhakika, nyingine unazipima kutoka hapo: 30, 20, na kutoka kona hadi kona mita 36 na sentimita 6. Na usimguse jirani wala ukuta wake. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324, kwake na kwako pia. Mgogoro ukiwepo, mwite mpima mwenye leseni.

#36 Mkaa Jikoni
Mzee hiyo 30 ni ya ardhini au ya ramani? Nimesoma kuwa UTM inapunguza vipimo.

#37 Saveya Mstaafu
Angalia, Mkaa aliyeuliza datamu ni mdudu gani! Ni kweli, karibu na mstari wa kati inapunguza sentimita 4 kwa kila mita 100. Kwenye mita 30 zako ni sentimita moja na kidogo. Futi lako likilegea tu limekosea kuliko hiyo.

#38 Bibi Harusi wa Zamani
Kobe, la mwisho: ukihamisha namba zikiwa nyuzi za desimali usikate tarakimu. Desimali tano ni kama mita moja. Mbili ni zaidi ya kilomita. Shemeji yangu aliandikiwa -6.77, 38.92 kwenye ujumbe, akaambiwa "kiwanja ndiyo hicho". Kiwanja gani, hiyo ni kata nzima!

#39 Mama Chapati
Jumamosi imefika. Kobe umefika?

#40 Kobe wa Igoma
Nipo kiwanjani tangu saa nane mchana. Mwembe upo, umezaa. Simu inasema usahihi mita 4 kwenye uwazi, chini ya mwembe inapanda hadi 11, pini inatembea kama mlevi. Jirani ni mtu mwema kabisa, kanipa maji na kiti.

Nimechimba kwenye pini tatu, hamna kitu. Kwenye ya nne nimepata chuma, ila kiko mita tisa kutoka kwenye pini, upande wa NJE wa ukuta wake. Kimepinda na hakina namba. Jirani anasema ni cha uzio wa ng'ombe wa mwenye shamba la zamani, kabla hapajapimwa.

#41 Fundi Bomba
Nilikuwa nimeshamhukumu jirani. Naomba radhi kwa muda.

#42 Nusu Digrii
Mita tisa kutoka kwenye pini? Basi hata vigezo vya Tanzania peke yake havitoshi kueleza.

#43 Mwalimu wa Zamu
Au ni picha, kama nilivyosema.

#44 Saveya Mstaafu
Kobe, chimba chini ya hicho chuma. Kina zege?

#45 Kobe wa Igoma
Nimegonga kitu kigumu kama futi moja chini, sijui ni zege au mzizi wa mwembe. Giza limeingia na chaji ni asilimia sita. Kesho asubuhi nachimba tena.